Hongera kwa Wachonga Santuri wa Abbey Road

Albamu za Beatles za mono zilipotolewa upya kwa santuri mwaka 2014, mafundi Sean Magee na Steve Berkowitz walikataa njia ya mkato. Santuri za stirio za mwaka 2012 zilikuwa zimetokana na nakala za kidijitali. Wao walirudi kwenye kanda zenyewe za miaka ya 1960, wakazipeleka moja kwa moja hadi kwenye mashine ya kuchongea ya Neumann VMS80 pale Abbey Road, London. Kabla ya kuchonga walisoma maelezo yaliyoachwa na mafundi wa awali, wakasikiliza na santuri za kwanza ili walinganishe.

Kazi yao inasikika. Weka albamu ya Sgt. Pepper ya mono, ambayo Beatles wenyewe walikuwepo studio ilipochanganywa mwaka 1967: ngoma za Ringo Starr zinakugonga kifuani, besi ya Paul McCartney inatembea wazi chini ya sauti zote.

Wengi husifu uzito wa santuri hizi, gramu 180. Mimi siuhesabu sana. Santuri nzito iliyochongwa vibaya ni mbaya vilevile. Sifa ni za mkono uliochonga, na za kiwanda cha Optimal, Ujerumani, kilichozichapa. Kiwandani, tundu la santuri likihama kidogo tu kutoka katikati, sauti ya piano huyumba. Plastiki isipojaa vizuri kwenye mifuo, sindano hutoa mkwaruzo. Nakala nilizosikia mimi zinazunguka kimya na sawasawa, upande wa kwanza hadi wa mwisho.