Mgongo wa chura: gari lisilotumia maji, likaliwa na maji

Volkswagen Beetle, gari ambalo Watanzania wengi wanalijua kwa jina la mgongo wa chura, halina rejeta. Injini iko nyuma, silinda zake nne zimelala, mbili kila upande, na zinapozwa na upepo wa feni pamoja na oili. Ndiyo maana lilipata heshima Afrika Mashariki: lilishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, na dereva wake hakuhitaji kusimama mlimani kuomba ndoo ya maji. Lilipokoma kutengenezwa mjini Puebla, Mexico, Julai 2003, zaidi ya magari milioni 21 ya aina hiyo yalikuwa yameshatoka viwandani.

Ila gari hili lisilohitaji maji huuawa na maji. Safu hii inachambua namna Beetle moja, 1300 ya mwaka 1968, ilivyofufuliwa uani kwa mwenyewe mjini Tanga, mahali ambapo hewa ya bahari haimsamehe mwenye bati. Kazi hiyo ilifanikiwa, na kwa maoni yangu vifaa na fedha havikuwa sababu kuu. Kila uamuzi ulijibu swali moja: maji yaliingilia wapi, yakakaa wapi, na sasa yatatokea wapi?

Kulitambua gari kabla ya kulifungua

Hatua ya kwanza haikuhitaji spana. Katikati ya sakafu ya Beetle kuna mgongo wa chuma unaotoka mbele hadi nyuma, na namba ya chesisi imegongwa juu yake, chini ya kiti cha nyuma. Namba ya gari hili ilianza na 118. Tarakimu 11 ni aina ya gari, na 8 ni mwaka wa modeli, yaani 1968. Kiwanda kilianza kuhesabu mwaka wa modeli mwezi Agosti, kwa hiyo gari lilitoka kati ya Agosti 1967 na katikati ya 1968. Tofauti hiyo si ndogo. Agosti 1967 ndipo taa za mbele zilipowekwa wima, bampa zikabadilishwa, na magari ya masoko mengi yakaacha umeme wa volti 6 na kupata wa volti 12. Asiyelijua hilo ataagiza bampa isiyokaa na balbu zitakazoungua siku ya kwanza.

Namba ya injini, iliyogongwa chini ya jenereta, ilianza na herufi F. Hiyo ni injini ya 1300: sentimita za ujazo 1,285 na nguvu farasi 40. Namba zote mbili zililingana na kadi ya gari. Hapo likatoka sharti la kwanza la kazi: sakafu inaweza kukatwa kushoto na kulia, lakini mgongo wa kati haukatwi wala hausagwi, kwa kuwa ndio unaobeba utambulisho wa gari.

Bisibisi chini ya zulia

Mwenye gari alitamani kusikia injini ikiwaka kabla ya jambo lolote. Fundi bodi, mzee aliyeyashika magari haya yakiwa bado mapya barabarani, aling'oa kiti cha nyuma, akakunja mazulia, akachukua bisibisi.

"Injini itangoja, mwanangu," alisema. "Kwanza tujue kama ina nyumba ya kukaa."

Bisibisi ilizama sehemu tatu, na kila moja ilikuwa na sababu yake. Ya kwanza ni upande wa kulia chini ya kiti cha nyuma, mahali pa betri. Tindikali inayovuja, au hata mvuke wake, hula rangi ya sakafu, kisha unyevu unamalizia. Ya pili ni sakafu ya miguuni, mbele. Mpira wa kioo cha mbele ulikuwa umekauka na kupasuka pembeni. Mvua iliingia hapo, ikateremka nyuma ya dashibodi, ikalala chini ya zulia. Juu ya kutu hiyo mtu wa zamani alikuwa amebandika bati bapa na kulipaka lami. Maji yakapata chumba katikati ya mabati mawili, chumba kisichoona jua.

Sehemu ya tatu ndiyo iliyoamua ukubwa wa kazi. Chini ya kila mlango wa Beetle kuna mfereji wa chuma ulio wazi ndani. Kazi yake inayoonekana ni kupitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini hadi miguuni na kwenye kioo. Tanga hakuna anayeililia hewa ya moto, na ndiyo maana mafundi wengi huona mfereji huo ni kitu cha kuziba kwa kipande chochote. Wanasahau kazi yake ya pili: ndio boriti inayoshikilia nguzo ya mbele na nguzo ya nyuma ya mlango zisisogeleane. Tope linalorushwa na tairi la mbele hurundikana nyuma ya madigadi, hushika unyevu, na kuanza kuula mfereji kwa mbele. Ukiuona umetoboka kwa nje, ujue ndani ulikwisha siku nyingi.

Sakafu kwanza, mfereji baadaye

Bodi ya Beetle imefungwa kwenye sakafu kwa bolti zipatazo 30, na watu kadhaa wenye nguvu wanaweza kuinyanyua kwa mikono. Urahisi huo ni mtego. Bodi ambayo mifereji yake imekufa haina kinachoizuia kujikunja. Ukiinyanyua hivyo hivyo italegea katikati, na milango haitafunga tena vizuri hata ukiweka mifereji mipya.

Kwa hiyo kabla ya bolti hata moja kufunguliwa, mabomba ya mraba yalichomelewa ndani ya kila uwazi wa mlango, kutoka nguzo hadi nguzo na kwa mshazari. Nafasi kati ya mlango na bodi ilipimwa juu, katikati na chini. Umbali wa kona kwa kona ulipimwa pia, na vipimo vyote vikaandikwa. Tangi la petroli, ambalo kwenye gari hili liko mbele chini ya boneti, lilitolewa na kupelekwa mbali na ua kabla ya cheche ya kwanza. Ndipo vijana wa mtaani wakaibeba bodi na kuiweka juu ya magogo.

Nusu mbili za sakafu zilikatwa, mgongo wa kati ukabaki. Mabati mapya yalikuwa ya kukandamizwa kwa mashine, yenye mikunjo kama ya asili. Mikunjo hiyo si pambo: bati bapa la unene ule ule hutetema na kulia kila gari linapopita kwenye matuta, na mtetemo hupasua maungio. Kwa kuchomelea ilitumika mashine ya waya na gesi. Mashine ya vijiti hutoboa bati jembamba, na moto wa gesi ya kukatia hulipinda. Fundi alichomelea vipande vifupi vya sentimita mbili au tatu, akihama upande hadi upande ili joto lisikusanyike mahali pamoja.

Kisha kikaja kitendo ambacho nakiona ndicho cha ustadi mkubwa kuliko vyote. Bodi ilirudishwa juu ya sakafu mpya na kufungwa kwa bolti za mbele na za nyuma, mifereji mibovu ikiwa bado ipo. Hapo ndipo mfereji wa upande mmoja ulipokatwa na mpya kuingizwa. Mfereji mpya ulifungwa kwanza kwa bolti kwenye sakafu, mlango ukatundikwa, vipimo vya awali vikahakikiwa, na baadaye ndipo ukachomelewa kwenye nguzo. Sakafu iliyonyooka ikawa ndiyo rula ya bodi. Upande wa pili haukuguswa hadi wa kwanza umekamilika. Anayekata pande zote mbili kwa pamoja anabaki na gari lisilo na sehemu hata moja ya kupimia.

Joto la kuchomelea huunguza rangi iliyo ndani ya mfereji, mahali ambapo brashi haifiki. Kwa sababu hiyo nta ya kuzuia kutu ilipulizwa ndani kwa mrija mrefu baada ya chuma kupoa. Matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya milango yalizibuliwa. Maji kuingia ndani ya mlango kupitia ufa wa kioo ni jambo la kawaida kwa gari la aina hii. Kinachoua mlango ni kukosa njia ya kutokea.

Injini: upepo nao una njia yake

Injini ya Beetle inashikwa na bolti nne tu kwenye giaboksi, na hushushwa kwa jeki. Kabla ya kuifumua, fundi injini alipima mchezo wa kranki wa mbele na nyuma kwa saa ya kupimia. Kiwango ni kati ya milimita 0.07 na 0.13. Ukizidi hapo sana, injini nzima lazima ipasuliwe katikati. Wake ulikuwa ndani ya mipaka, kwa hiyo sehemu ya chini iliachwa, na kazi ikabaki kwenye pistoni, ringi, valvu na sili. Kuacha kinachofanya kazi ni sehemu ya ufundi, na huokoa fedha ambazo sakafu imeshazililia.

Bloku ya injini hii ni ya mchanganyiko wa magnesi, laini kuliko chuma. Nati za silinda hedi zinazokaa kwenye bolti ndefu za milimita 10 hukazwa kwa nguvu ya niutoni mita 32, kwa mpangilio na kwa awamu. Anayekaza kwa kukisia mkono huzing'oa bolti zile pamoja na nyuzi zake. Nafasi ya valvu iliwekwa milimita 0.15 injini ikiwa baridi, na mpangilio wa moto ni 1-4-3-2.

Kuna usemi kwamba mgongo wa chura huchemka kwa sababu hauna maji. Mara nyingi unachemka kwa sababu mtu alitupa mabati yake. Feni husukuma upepo ndani ya kasha linalozunguka silinda, na mpira mnene kuzunguka injini hutenganisha hewa baridi ya juu na hewa ya moto ya chini. Kibati kikikosekana au mpira ukiwa haupo, feni huvuta hewa ya moto na kuirudisha kwenye silinda. Silinda namba 3 huumia mapema, maana katika injini za miaka hiyo kipoza oili kimesimama kwenye njia ya upepo wake. Katika gari hili kila kibati kilirudishwa na mpira ukawekwa mpya. Mifumo ya hewa ya moto haikuhitajika, kwa hiyo matundu mawili ya kasha la feni yanayoilisha yalifungwa kwa vifuniko, upepo usipotee bure.

Mambo mawili ya usalama hayakujadiliwa bei. Mipira ya petroli juu ya injini ilibadilishwa yote na kufungwa kwa klempu, kwa kuwa inapita karibu na distributa, na mpira uliopasuka hapo umeshateketeza magari mengi ya aina hii. Mipira ya breki nayo ilibadilishwa hata ile iliyoonekana mizima, kwani huvimba kwa ndani na kulizuia gurudumu lisiachie.

Rangi penye chumvi

Rangi ilikuja mwisho, na ikapangwa kwa saa za siku. Bati lililosuguliwa hadi kung'aa likilala usiku mmoja karibu na bahari huamka na rangi ya chungwa, kwa maana chumvi inavuta unyevu wa hewa. Kila sehemu ilioshwa kwa maji safi, ikakaushwa, na kupigwa praima ya epoksi siku hiyo hiyo. Puti iliwekwa juu ya praima hiyo, kwa unene mdogo, na kusuguliwa kwa msasa mkavu; puti hunyonya maji, na ukiisugua kwa maji unayafungia chini ya rangi. Magari mengi ya kufufuliwa hukaa uani miezi yakiwa na praima ya kawaida ya kijivu, mwenyewe akidhani yamelindwa. Praima ile ina vinyweleo. Kutu inaendelea chini yake huku juu pakionekana safi.

Nani anapaswa kuiga

Kazi hii ilifanyika nyumbani, lakini si kila kipande chake ni cha nyumbani. Kuvua, kusafisha, kupima, breki, nyaya na kurudisha vipande vinawezekana kwa mtu mwenye subira na kitabu cha ufundi. Kuchomelea mifereji ni kazi ya kumlipa fundi, na ndiko fedha nyingi zinapaswa kwenda. Injini ya Beetle unaweza kuinunua, kuibadilisha hata kuiazima. Bodi iliyopinda hakuna duka linalokuuzia unyoofu wake.

Kwa hiyo anayetafuta mgongo wa chura wa kufufua asidanganyike na mlio wa injini wala mng'aro wa rangi. Aende na jeki na bisibisi. Anyanyue zulia na kiti cha nyuma, kisha ainue gari upande mmoja kwenye sehemu yake ya jeki, mlango ukiwa umefungwa, aangalie nafasi kati ya mlango na nguzo. Nafasi isipobadilika na mlango ukafunguka kama kawaida, azungumze bei. Nafasi ikibana, au jeki ikizama kwenye bati, ajue ananunua mifereji miwili, sakafu na miezi ya kuchomelea, na ofa yake ianzie hapo.