Chenga Zisizofutwa

Fundi wa rada hupimwa kwa kitu ambacho mwenye boti hakipendi hata kidogo: chenga. Mtu aliyetoa fedha zake anataka kioo safi, nchi kavu ionekane mstari na meli ionekane nukta. Fundi mzuri humwachia vidoadoa vichache, kisha humweleza sababu. Namsifu kwa hilo kabla ya kumsifu kwa spana.

Spana nayo ina heshima yake. Kwenye boti ndogo ya faiba, antena ikipanda huona mbali zaidi, lakini uzito ulio juu huizidishia boti kuyumba, na anayeujua mkondo wa Nungwi hahitaji kuelezwa maana yake. Mita 4 juu ya maji hutosha: hapo upeo wa rada hufika maili 4 na nusu hivi za baharini, na meli ndefu huonekana ng'ambo yake. Fundi huuliza pia boti inakwendaje. Ikishika kasi omo huinuka, mwale wa rada ukainuka nao na kupita juu ya vyombo vilivyo mbele. Basi hutia kabari nyembamba chini ya antena, upande wa tezi, ili mwale ukae sawa boti ikiwa mwendoni. Kebo haikunji kwa nguvu, na kabla ya tundu huiacha ilegee kidogo ili maji ya mvua yadondokee nje. Dira huiepusha na mashine.

Kisha huja kurekebisha. Wimbi la redio husafiri mita 300 kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, hivyo hitilafu ndogo ya muda huzaa umbali wa uongo. Dawa yake ni gati lililonyooka: boti ikipita kando yake na ukingo ukaonekana umepinda kama upinde, fundi husahihisha muda mpaka unyooke. Halafu huelekeza omo kwenye boya lililo peke yake, akalinganisha kioo na jicho. Kosa la digrii 3, kwa maili 6, ni karibu mita 600. Hizo zinatosha kumtoa mtu kwenye mlango na kumpandisha mwambani.

Mpaka hapo kuna jibu sahihi. Baada ya hapo kunabaki busara. Nguvu ya kupokea mwangwi hupandishwa mpaka chenga zienee kiooni, kisha hushushwa kidogo tu. Wakati wa kusi mawimbi hurudisha mwangwi pande zote za boti, na kipo kitufe cha kuyafuta. Kizungushe mpaka mwisho, bahari yote itatulia kiooni. Lakini ngalawa ya mbao, isiyo na injini wala chuma, mwangwi wake huenda usizidi ule wa wimbi. Anayelifuta wimbi amemfuta na mvuvi.

Kioo kinachoaminiwa kupita kiasi kina historia. Usiku wa tarehe 25 Julai 1956, karibu na Nantucket, Marekani, meli Andrea Doria na Stockholm ziligongana penye ukungu. Zote zilikuwa na rada, na kila moja ilikuwa imemwona mwenzake kiooni. Watu 51 walikufa. Leo kanuni ya 7 ya kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, inakataza kukisia kwa taarifa haba, na rada imetajwa hasa.

Kwa hiyo kazi haiishi nati ya mwisho inapokazwa. Fundi mwenye dhamana humtoa nahodha baharini mchana kweupe, kila kinachoonekana kiooni kikiwa kinaonekana pia kwa macho, akamwachia vitufe. Nahodha hufuta mawimbi mwenyewe, akaona mashua iliyo mbele yake inatoweka kiooni huku anaitazama. Hujionea pia kwamba antena ya sentimita 45 ina mwale wa digrii 5 hivi, upana wa mita 160 kwa maili moja, na mashua mbili zilizomo humo kwa umbali mmoja huwa nukta moja. Tangu siku hiyo anajua mipaka ya chombo chake, na mvua ya masika ikikifunika kioo atapunguza mwendo.

Somo hilo mara nyingi haliandikwi kwenye ankara. Mimi ningelilipia kabla ya antena.