Neno "Akili" katika Maelezo ya Dawa za Kifafa

Katika istilahi za tiba, yako makosa ya tafsiri yanayomkera msomaji tu, na yako mengine yanayomfikia mgonjwa mwenyewe. Makosa ya maelezo ya dawa za kifafa yamo katika fungu hili la pili. Tunakusudia hapa kuyachunguza maneno mawili ambayo huwajia wafasiri upesi, "madhara" na "akili", ambayo yakiunganishwa huzaa kauli "madhara ya akili".

Kwanza tulieleze jambo lenyewe. Dawa za kifafa hupunguza msisimko uliozidi katika ubongo, na baadhi yake hupunguza pia wepesi wa kufikiri. Fenobabitoni, iliyoanza kutumiwa kutibu kifafa huko Ujerumani mwaka 1912 na ambayo ingali ikitumika kwa sababu ya bei yake ndogo, yaweza kumfanya mgonjwa asinzie na achelewe kujibu. Topiramati huwafanya baadhi ya watu wakose maneno: neno li ulimini, halitoki. Mwaka 1990 yalichapishwa Marekani matokeo ya utafiti juu ya watoto 217 waliopata degedege la homa. Baada ya miaka miwili, waliopangiwa fenobabitoni walikuwa chini kwa wastani wa alama 8.4 katika kipimo cha akili kuliko wenzao waliopangiwa dawa ya mfano isiyo na nguvu. Basi jambo hili si uzushi, wala halifai kufichwa. Swali ni jinsi ya kulisema.

Katika Kiswahili, "ugonjwa wa akili" ni wazimu na maradhi ya jamii yake. Mzazi akisoma kwamba dawa ya mwanawe ina "madhara ya akili", ataelewa kuwa inaleta kichaa, na huenda akaitupa siku hiyo hiyo. Kuacha dawa ya kifafa ghafla kwaweza kuleta degedege mfululizo lisilokatika, nalo huua. Mwalimu naye, akiambiwa kuwa dawa "hupunguza akili", atamweka mwanafunzi katika kundi la wajinga, hali mtoto huyo anahitaji tu kupewa muda zaidi wa kujibu.

Ama "madhara", asili yake ni kudhuru. Kusinzia kwa majuma machache ya mwanzo si dhara. Ni athari ya kando. Wako watakaosema kwamba "madhara" limekwisha kuzoeleka, na kwamba "athari" nalo limeanza kubeba maana ya ubaya. Hoja hiyo ina uzito. Lakini tukilitumia "madhara" kwa kila usumbufu, tutakosa neno siku tutakapolihitaji kweli. Valproeti ikitumiwa na mama mjamzito yaweza kumzalia mtoto mwenye kilema au mwenye upungufu wa kujifunza. Hayo ni madhara, na yaitwe hivyo bila kupunguza ukali.

Kuhusu "akili", istilahi "utambuzi" yafaa katika vitabu vya saikolojia na ripoti za wataalamu. Hata hivyo, tukiandika "athari za utambuzi" katika karatasi ya mgonjwa, tutakuwa tumeondoa hofu na kuleta giza. Msomaji wa kawaida hufahamu kutambua kuwa ni kumjua mtu au kitu, hatafikiria kusahau.

Maoni yetu ni kwamba mfasiri asitafute jina moja la kufunika mambo yote hayo, bali ayataje kwa vitenzi: kusahau, kuzubaa, kuchelewa kuelewa, kukosa maneno. Tena asiitwike dawa mzigo wote, kwa kuwa kifafa chenyewe nacho huweza kuharibu kumbukumbu. Kwa mfano, aandike hivi: "Dawa hii yaweza kukufanya usahau upesi au uchelewe kupata maneno. Usiiache ghafla. Mweleze daktari; huenda akapunguza kipimo au akabadili dawa."

Sentensi hizo hazina istilahi hata moja mpya. Kwa mgonjwa aliyeshika kidonge mkononi, zinatosha. Nayo "utambuzi" ibaki kwa wale ambao ni kazi yao kuupima.