Kupiga na Kupigwa Picha: Kibera na Kawangware Mbele ya Kamera

Katika Kiswahili mtu hupigwa picha. Husemwa "alimpiga picha" kama isemwavyo "alimpiga risasi", na kiambishi cha mtendwa humwangukia yule aliyesimama mbele ya kamera, hata kama yeye ndiye aliyechagua nguo, akachana nywele na kuamua mahali pa kusimama. Umbo hili la kisarufi si jambo dogo kwa mhakiki azitazamaye picha za Kibera, mtaa ambao wakazi wake wamekwisha kuzoea kamera za wageni.

Mnamo Januari 2009 msanii Mfaransa ajulikanaye kwa jina la JR alifika Kibera na mradi wake Women Are Heroes, uliokwisha kupita Sierra Leone, Liberia na Brazil, na ambao baadaye ulifika India na Kambodia. Alipiga picha nyuso za wanawake wa mtaa huo, akazikuza mno na kuzitandaza juu ya mapaa ya mabati, eneo la mita za mraba 2,000 hivi. Macho mengine yalibandikwa kwenye mabehewa ya garimoshi lipitalo katikati ya mtaa, na sehemu za chini za nyuso hizo zikawekwa kwenye mabati chini ya tuta la reli. Garimoshi lilipopita, macho yalikutana na midomo kwa muda wa nukta moja. Uso ukakamilika, kisha ukavunjika. Kwa upande wa fani, huu ni ubunifu wa hali ya juu. Reli iliyojengwa na wakoloni, ambayo kwa miaka mingi imepita hapo bila kumjali mtu, ilipewa macho ya wanawake wale wale iliowapuuza.

Hata hivyo, hapana budi kuuliza hadhira ya kazi hii ni nani. Uso uliolala juu ya paa hutazama mbingu. Anayeweza kuusoma mzima ni rubani, au mtu aliyesimama juu ya tuta, au mtazamaji wa filamu iliyotokana na mradi huo na kuonyeshwa Cannes mwaka 2010. Mwenye uso, akiwa jikoni mwake, haoni kitu. Ingekuwa rahisi kukomea hapo na kuihukumu kazi hii kuwa ni sanaa ya watalii. Lakini picha zilichapwa juu ya turubai lisilopitisha maji, na wengi wa wanawake hao waliwekewa nyuso zao juu ya nyumba zao wenyewe. Msimu wa mvua ulipoingia, picha ilifanya kazi ya kuziba. Mwanamke alilala pakavu chini ya uso wake asiouona. Nadharia inayotenganisha sanaa na manufaa haina la kusema mbele ya paa lisilovuja.

Brian Otieno, mzaliwa wa Kibera, ameshika njia nyingine katika mfululizo wake Kibera Stories. Kamera yake haipandi juu; iko kwenye kimo cha mtu apitaye. Amempiga picha mcheza baleti akiwa na vazi lake la dansi katika vichochoro vya mtaa, na jambo la kustaajabisha katika picha hiyo si umaskini ulio nyuma yake. Mtazamaji huona kwanza mwili uliofunzwa, kisha mtaa. Mpangilio huo ndio maudhui yenyewe. Kasoro iliyopo ni ya lugha: Mfaransa na Mkibera wote wawili wamezipa kazi zao majina ya Kiingereza, ilhali vichochoroni mnasikika Kiswahili, Kinubi, Kijaluo na Kiluhya. Jina la kazi huonyesha mlango ambao msanii anatarajia wageni wake waingilie.

Kawangware, upande wa magharibi wa jiji, jirani na majumba ya Lavington, haikupata kugeuzwa ishara ya dunia. Magazeti ya nje yaliitambua zaidi mwishoni mwa Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, palipokuwa na moto na mapanga. Moto ulipozimika, kamera ziliondoka. Zilizobaki ni za vibanda vya picha, ambazo wahakiki huzipita kama kazi za riziki tu. Humo ndimo sarufi inapopinduka. Mteja huingia, hulipa, huchagua pazia la nyuma, huomba kusubiriwa afunge kifungo cha shati, kisha husema: "Nipige picha." Bado yeye ni mtendwa wa kitenzi, lakini amri ni yake. Nakala moja huiweka ukutani. Ya pili huwekwa katika bahasha na kupewa utingo wa basi, ili mama aliyebaki kijijini amwone mwanawe alivyonenepa.