Haya, Aibu na Fedheha katika Rosa Mistika: Tathmini ya Usomaji wa Kisaikolojia

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika (1971), imezoeleka kusomwa kama simulizi la malezi makali yaliyozaa uasi: baba mlevi anampiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, binti anafika chuoni asikokuwapo baba, anapotoka. Usomaji huo si wa uongo, ila unaacha swali moja gumu. Ikiwa Rosa amekwisha kupoteza aibu, kwa nini anajiua?

Mwaka huohuo wa 1971, mwanasaikolojia wa Marekani Helen Block Lewis alichapisha kitabu chake kuhusu aibu na hatia. Kwake, mwenye hatia hulaumu tendo alilolitenda, na mwenye aibu huilaumu nafsi yake nzima. Hatia hutafuta kulipa au kuomba radhi, aibu hutamani kujificha. Tofauti hiyo inaumulika mwisho wa Rosa. Charles anapomkataa kwa sababu ya maisha yake ya nyuma, hakuna tendo linaloweza kuombewa radhi. Amehukumiwa yeye mzima.

Hata hivyo, anayeichukua nadharia hii kama ilivyo ataona neno moja tu mahali ambapo Kiswahili kina kadhaa. Haya hutangulia tendo na kumzuia mtu. Aibu humpata baadaye. Fedheha hutiwa na wengine, tena hadharani. Mazungumzo ya kila siku huyachanganya, kweli, lakini kusema mtu “hana haya” kumebaki kuwa lawama kwa tabia yake, si maelezo ya tukio lililompata. Kwa kipimo hiki, Zakaria hakumfundisha Rosa haya hata siku moja. Alimtia woga wa kipigo, na woga wa namna hiyo hauvuki ziwa kutoka Ukerewe: asipokuwapo mpigaji, umekwisha. Kilichobaki ndani ya binti ni aibu, nayo ndiyo inayomwua.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaomwona Zakaria kuwa mlinzi wa mila aliyepita kiasi. Anacholinda ni kiburi chake, kwa kutumia usafi wa binti kufunika ulevi wa baba. Regina, anayeivumilia ndoa hiyo hadi mwisho, anahitaji sura yake mwenyewe. Uvumilivu wake si haya, wala sioni kama ni aibu.