Gesi ya upasuaji na utumbo uliotoboka

Kabonidioksidi, gesi ambayo daktari huijaza tumboni ili apate nafasi wakati wa upasuaji wa matundu madogo, haikuchaguliwa kwa sababu inatibu. Ilichaguliwa kwa kuwa haishiki moto, inayeyuka upesi kwenye damu, na mgonjwa huitoa kwa kupumua. Baadaye likazuka swali: mbona waliopasuliwa hivi miili yao hutulia mapema kuliko waliochanwa mpasuo mrefu? Jibu jepesi ni kwamba jeraha ni dogo. Michael West na wenzake walitafuta sababu nyingine ndani ya gesi yenyewe.

Katika utafiti wao wa mwaka 1997, uliotoka katika jarida la Annals of Surgery, walitumia makrofaji za panya, zile seli za kinga zinazomeza vijidudu, wakazichokoza kwa sumu ya ukuta wa bakteria. Nyingine ziliwekwa kwenye kabonidioksidi, nyingine kwenye hewa ya kawaida, nyingine kwenye heli. Ufundi wa jaribio uko kwenye heli. Nayo ni gesi, nayo inaweza kujaza tumbo, ila haitengenezi asidi ikikutana na maji. Seli za kabonidioksidi zilitoa kidogo tu zile kemikali zinazowasha mchochota, TNF na interleukini-1. Za heli hazikunyamaza hivyo. Walipopima ndani ya seli za kabonidioksidi, wakakuta asidi imepanda. Sijaona njia safi zaidi ya kutenganisha gesi na asidi yake.

Mwaka 2006 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, wakaonyesha kwa panya hai kwamba waliojazwa kabonidioksidi kabla ya kuchanwa tumbo na kuwekewa sumu hiyo walinusurika wengi zaidi.

Neno la kushikilia hapo ni “kabla”. Tumlinganishe mgonjwa wa delta ya Rufiji, Tanzania, na jaribio hilo. Homa ya matumbo imemtoboa utumbo akiwa Mbwera. Boti inangoja maji yajae. Baada ya boti kuna safari ya barabara kwenda Kibiti au hospitali ya Mchukwi. Anafika tumbo limekuwa gumu kama ubao, usaha na kinyesi vimekwisha kusambaa. Sumu imetangulia, gesi ingefuata. Tena panya waliwekewa sumu, si bakteria hai wanaozaliana. Kwenye maambukizi ya kweli, kuzinyamazisha seli zinazomeza vijidudu kunaweza kuwa hasara, na jaribio la sumu peke yake haliwezi kulijibu hilo.

Kwa hiyo nasema wazi: anayenadi gesi hii kama dawa ya mchochota unaotokana na utumbo uliotoboka ameruka hatua. Faida yake, ikiwapo, ni ya upasuaji uliopangwa, tumbo likiwa bado safi.

Takwimu za nyumbani zinaelekeza kwenye muda, si kwenye gesi. Hospitali ya Bugando, Mwanza, iliripoti mwaka 2012 wagonjwa 104 waliotobolewa utumbo na homa ya matumbo, asilimia 23.1 walifariki, na kuchelewa kupasuliwa kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoendana na vifo.

Mwenye homa ya siku nyingi akishikwa ghafla na maumivu makali ya tumbo, msimlishe wala msimpe dawa ya kumfanya aharishe. Tafuteni boti siku hiyohiyo.