Nyambizi 12 za Australia: Fundi Alichaguliwa Kabla ya Ramani

Tarehe 26 Aprili 2016, Waziri Mkuu wa Australia, Malcolm Turnbull, alitangaza mjini Adelaide kwamba kampuni ya Ufaransa ya DCNS imeshinda kazi ya kusanifu nyambizi 12 za jeshi la majini la nchi hiyo. Mradi ulitajwa kuwa wa dola za Australia bilioni 50, mkubwa kuliko wowote katika historia ya ulinzi wa nchi hiyo. Septemba 2021 mkataba ulivunjwa, na hakuna hata nyambizi moja iliyokuwa imeanza kuundwa. Mengi yaliandikwa kuhusu hasira ya Ufaransa na mabalozi wake walioitwa nyumbani. Kwangu mimi, kiini cha mkasa kiko nyuma zaidi, katika ile miezi 14 ya kuwapima wazabuni. Walioifanya kazi hiyo walikuwa watu makini na walifuata taratibu, na hilo ndilo linalonifanya niitazame kwa karibu.

Tatizo la Australia ni umbali. Nyambizi zake sita za aina ya Collins zina kambi karibu na Perth, kwenye Bahari ya Hindi, na maji zinayotakiwa kuyachunga yako maelfu ya maili kaskazini. Nyambizi ya dizeli ikizama hutembea kwa betri. Betri zikipungua, lazima ipande karibu na uso wa maji, itoe bomba la kuvuta hewa, iwashe injini na kuchaji. Muda huo wote injini zinasikika na bomba linaweza kunaswa na rada. Tena nguvu inayohitajika hupanda kwa kasi kuliko mwendo wenyewe: ukitaka kuongeza mwendo mara mbili, unahitaji nguvu karibu mara nane. Nahodha mwenye haraka atachaji mara kwa mara na kujianika. Anayejificha atachelewa kufika, na akifika amebakiza siku chache za doria. Na hata nyambizi ikitulia tuli, sonari, kompyuta na viyoyozi vinaendelea kula umeme. Kwa nyambizi ya dizeli, tiba yake kubwa ni betri nyingi na mafuta mengi, maana yake chombo kikubwa, cha tani 4,000 au zaidi.

Chombo cha namna hiyo sokoni hakikuwepo, isipokuwa Japani. Wajapani walikuwa na Soryu, nyambizi kubwa ya dizeli iliyokuwa tayari baharini. Tony Abbott, Waziri Mkuu aliyemtangulia Turnbull, aliipenda, na alielewana vizuri na Shinzo Abe, ambaye serikali yake ilikuwa imelegeza masharti ya kuuza silaha nje mwaka 2014. Ilikuwa nusura kazi iende Japani bila mashindano. Lakini Februari 2015 wabunge wa chama cha Abbott walijaribu kumng'oa, naye alihitaji kura za wanasiasa wa Australia Kusini, jimbo lenye karakana ya meli ya Osborne na mafundi waliohofia ajira zao. Abbott alinusurika, na siku chache baadaye serikali ikatangaza kwamba Ufaransa, Ujerumani na Japani zitashindanishwa. Sweden, iliyosanifu Collins, iliachwa nje kwa hoja kwamba ilikuwa imepita miaka mingi bila kusanifu na kuunda nyambizi nzima.

Kwa hiyo mashindano yalizaliwa na siasa. Hilo peke yake si dhambi. Zabuni nyingi nzuri zimezaliwa hivyo. Kasoro ilikuwa katika swali walilopewa wazabuni. Hawakutakiwa kuleta mchoro uliokamilika, bei ya mwisho na tarehe ya uhakika; makadirio ya awali yalitosha. Lengo la zoezi lilikuwa kumpata mshirika wa kimataifa, ambaye angekuja kuichora nyambizi pamoja na Australia baadaye. Kila mmoja alitakiwa kueleza njia tatu: kuunda zote nje, kuunda zote Australia, au kuchanganya. Ni kama kumwajiri fundi wa nyumba kwa kupenda maneno yake, huku ramani mtaichora mkishasaini.

Tazama walicholeta mwezi Novemba 2015. Wajerumani wa TKMS ndio mabingwa wa kuuza nyambizi nje. Hata Afrika Kusini inazo tatu za aina yao ya 209. Lakini Type 216 waliyoipendekeza ilikuwa ya karatasini, kubwa karibu mara mbili ya zile walizozoea kuunda. Wajapani walikuwa na chombo halisi, ila hawakuwahi kumuuzia yeyote nyambizi yao ya kisasa, na walikuwa wageni katika kazi ya kuhamishia ujuzi kwenye karakana ya watu wengine. Katikati ya Aprili 2016 Soryu moja, Hakuryu, ilitia nanga Sydney kwa ziara. Siku chache baadaye ikajulikana kwamba Japani imeshindwa.

Wafaransa ndio wanaonishughulisha zaidi. Walipendekeza Shortfin Barracuda, inayotokana na Barracuda yao ya nyuklia, ambayo nayo wakati huo ilikuwa bado inaundwa Cherbourg. Kwa maneno ilisikika rahisi: toa kinu cha nyuklia, weka dizeli. Kiufundi ni kuzaa chombo kipya. Kinu kikitoka, uzito wote wa ndani unahama. Yanaingia mamia ya tani za betri, injini zinazohitaji hewa na mabomba ya moshi, na matangi ya mafuta. Mafuta hayo yanapotumika, maji ya bahari lazima yaingie kujaza nafasi yake, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli, mizani ya chombo inabadilika kila siku ya safari. Juu yake, Australia ilitaka mfumo wa mapigano na torpedo za Kimarekani ndani ya umbo la Kifaransa. Hakuna lisilowezekana hapo. Lakini kila kimoja kinahitaji miaka ya wahandisi, na bei yake haijulikani mpaka mchoro ukamilike.

Mwaka 2017 Mkaguzi Mkuu wa Australia alisema mchakato wa kumchagua mshirika ulibuniwa na kuendeshwa vizuri. Naamini alisema kweli. Ndiyo maana napinga wanaodai kwamba uzembe wa kamati iliyowapima wazabuni ndio uliouzamisha mradi. Kamati ilijibu swali ililopewa. Lakini mshindi mmoja alipobaki peke yake, Australia ilipoteza silaha yake kubwa ya mezani, yaani uwezo wa kusema "tutamfuata mwenzako". Mazungumzo ya mkataba mkuu yalivutana hadi Februari 2019, karibu miaka mitatu baada ya ushindi. Septemba 2018 bodi ya washauri wa serikali yenyewe ilikuwa imependekeza ipimwe kama hatari za mradi hazijazidi faida zake. Ripoti ya ukaguzi ya Januari 2020 ilionyesha kwamba usanifu ulikuwa umechelewa miezi tisa. Gharama nayo ilifika kutajwa karibu dola bilioni 90.

Ndipo ikaja AUKUS, ushirikiano wa ulinzi wa Australia, Uingereza na Marekani, na Australia ikaamua kutaka nyambizi za nyuklia kutoka Marekani na Uingereza. Wafaransa, ambao waliombwa kuondoa nyuklia kwenye nyambizi yao, walilipwa fidia ya euro milioni 555 mwaka 2022. Zilipojumlishwa gharama zote, mradi ulikuwa umekula dola za Australia bilioni 3.4. Nyambizi za Collins, zilizopaswa kuanza kustaafu mwaka 2026, zinaongezewa umri.

Agosti 2025 Australia ilichagua tena kati ya wageni, safari hii manowari 11 za juu ya maji. Walioingia fainali ni Japani na Ujerumani, wale wale walioshindwa mwaka 2016. Japani ilishinda kwa toleo jipya la Mogami, manowari ambazo jeshi lake tayari linazitumia. Safari hii mnunuzi alijizuia kuongeza matakwa yake kwenye mchoro wa muuzaji, na akakubali kwamba meli tatu za kwanza zitaundwa Japani.